Maswali ya Wasomaji: Walio Kati ya Banio na Nyumba ya Mashine

Tangu tulipoandika juu ya mitambo midogo ya umeme wa maji inayojengwa katika wilaya za milimani nchini Uganda, barua zimetujia kwa wingi kutoka Rwenzori, kutoka West Nile na kutoka kandokando ya Nile. Tumechagua tano. Kama ilivyo kawaida ya safu hii, tumeficha majina ya walioandika, vijiji vyao na kampuni wanazozitaja.

*SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama mkulima wa kahawa na migomba katika milima ya Rwenzori. Kampuni imekuja kwetu na kusema itajenga mtambo wa umeme mtoni. Katika mkutano uliofanyika chini ya mparachichi wa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, tuliambiwa kwamba hakutakuwa na bwawa, kwamba mashine haili maji, na kwamba maji yote yatarudi mtoni kama yalivyokuwa. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, lakini sikujua niulize nini. Nisaidie.*

JIBU: Mama, uliyoambiwa ni kweli, na ndiyo sababu ulikosa la kuuliza. Neno lililoachwa mkutanoni ni moja tu: wapi. Maji yanarudi mtoni, sawa, lakini yanarudi wapi?

Mtambo wa aina hii hujengwa hivi. Ukuta mfupi hukatiza mto mahali pa juu, na hapo ndipo panapoitwa banio. Kutoka kwenye banio, maji huingizwa katika mfereji unaofuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, hufika kwenye birika, kisha huangushwa ndani ya bomba nene la chuma hadi kwenye nyumba ya mashine bondeni, ambako huzungusha turbini na kutoka kurudi mtoni. Nguvu ya umeme hutokana na mambo mawili, wingi wa maji na urefu wa anguko, kwa hiyo mhandisi atataka banio liwe juu kadiri inavyowezekana na nyumba ya mashine iwe chini kadiri inavyowezekana. Katikati hubaki kipande cha mto, ambacho huweza kuwa na urefu wa kilomita kadhaa, ambacho maji yake yamo ndani ya mfereji na bomba. Wanaokaa juu ya banio hawapungukiwi maji, na wanaokaa chini ya nyumba ya mashine huyapokea kama kawaida. Wanaobeba mzigo ni wale walio katikati, na aghalabu ndio waliopiga makofi pamoja na wengine, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha ramani.

Basi swali lako la kwanza liwe hilo: nyumba yangu, kivuko changu na mahali ninapochota maji viko juu, chini, au katikati?

Swali la pili ni kiasi cha maji kitakachoachwa kipite katika kipande hicho wakati wa kiangazi, yaani Januari na Februari, na tena Juni na Julai. Wataalamu huyaita maji ya mazingira. Kiasi chake hakiachwi kwa hisani ya meneja: huandikwa katika taarifa ya tathmini ya athari za mazingira inayopitiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, na katika kibali cha kutumia maji kinachotolewa na Wizara ya Maji na Mazingira. Sheria ya Maji ya Uganda inamruhusu mkazi wa kando ya mto kuchota maji ya matumizi ya nyumbani na ya kumwagilia bustani ndogo ya chakula bila kuomba kibali, na ruhusa hiyo haina maana yoyote ikiwa mto wenyewe umebaki mawe. Wakikutajia kiasi kwa lita kwa sekunde, waombe wakuonyeshe kivukoni: maji hayo yatafika kifundo cha mguu au goti?

Nasema haya kwa sababu niliwahi kukaa asubuhi nzima kwenye kivuko cha mto mmoja wa milimani uliokuwa umechepushwa. Juu ya mawe kulikuwa na mstari wa kuvumwani iliyokauka, karibu usawa wa kiuno changu, ukionyesha mahali maji yalipokuwa yakifika zamani. Chini yake akina mama wawili walikuwa wakijaza dumu la lita 20 kwa kikombe, na kila baada ya vikombe vichache walisimama kungoja tope litulie. Hawakulalamika hata mara moja, na kimya chao kiliniumiza kuliko malalamiko ambayo ningeyasikia. Walisema mto umezeeka.

Kuna jambo jingine kuhusu kipande hicho ambalo sijasikia likitajwa katika mkutano wowote, nalo ni la hatari. Mashine inapozimika ghafla, iwe kwa hitilafu au kwa radi kupiga nyaya, maji yaliyokuwa yakiingia bombani hayana pa kwenda ila kufurika juu ya banio na kurudi katika njia yao ya kale. Mahali palipokuwa pakavu huweza kujaa kwa dakika chache, wakati watoto wamekaa juu ya mawe wakifua sare za shule. Ulizeni kama kutakuwa na king'ora, kitasikika hadi wapi, na nani atawafundisha watoto kukitambua. Ulizeni pia ni lini milango ya banio itakuwa ikifunguliwa kusukuma mashapo, kwa sababu siku hiyo maji ya walio chini yatageuka matope.

Sasa nikupe kazi ambayo haihitaji fedha wala mwanasheria. Kabla ujenzi haujaanza, chimbieni nguzo ya mti mgumu kivukoni, mahali ambapo mafuriko hayataing'oa kwa urahisi, na itieni alama kila sentimita kumi. Mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani awape watoto zamu ya kuandika kimo cha maji katika daftari, asubuhi na jioni, mwaka mzima, na kila mwisho wa mwezi mwenyekiti wa LC apige muhuri. Kampuni itakuwa na vipimo vyake vya mto vya miaka kadhaa, lakini kijiji kitakuwa na kumbukumbu za kichwani tu, na siku maji yatakapopungua mtaambiwa ni ukame. Huenda kweli ukawa ukame. Barafu ya Rwenzori inapungua, na mito yake imekuwa haitabiriki: Mto Nyamwamba ulivunja kingo zake na kuharibu Kilembe mwaka 2013, ukafurika tena 2014, na tena 2020. Lakini bila daftari hamtaweza kutofautisha kinachofanywa na mbingu na kinachofanywa na banio.

Ulizeni pia mtambo huu ni wa ngapi katika mto wenu. Mto Mubuku, kwa mfano, huzungusha mitambo mitatu mmoja baada ya mwingine, ukiwemo ule wa Bugoye wa megawati 13 ulioanza kazi mwaka 2009, na bado chini kuna mradi wa umwagiliaji unaongoja maji hayohayo. Tathmini inayotazama mtambo mmoja peke yake, kana kwamba mto unaanzia kwenye banio lake, haijamaliza kazi. Na maporomoko yana uhai wake mbali na watu: kando ya Mto Mpanga, ambako mtambo wa megawati 18 ulikamilika mwaka 2011, huota mmea wa kale unaofanana na mnazi mfupi, ambao asili yake ni bonde hilo tu na haupatikani porini mahali pengine popote duniani.

Taarifa ya tathmini si siri. Iombeni kwa ofisa mazingira wa wilaya. Mkinyimwa, andikeni barua mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu.

*SWALI: Mfereji wa mtambo utapita katika shamba letu la kimila. Mume wangu ameitwa peke yake akatie sahihi fomu ya fidia. Waliohesabu mali walikuja mimi nikiwa sokoni, na nasikia maharage yangu hayakuandikwa. Je, hii ni haki?*

JIBU: Dada yangu, barua yako ina maswali matatu, na nitaanza na lile ambalo hukuliuliza. Ardhi hiyo inanunuliwa, inakodishwa, au inatwaliwa na serikali? Kampuni binafsi haina mamlaka ya kumwondoa mtu katika ardhi yake. Inaweza kununua au kukodi kwa makubaliano, na mwenye ardhi anaweza kukataa au kutaja bei yake. Kutwaa kwa lazima ni kazi ya serikali, kwa manufaa ya umma, na Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe mapema, kabla ardhi haijachukuliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyoihusu mamlaka ya barabara, ilikibatilisha kifungu cha Sheria ya Utwaaji wa Ardhi kilichoruhusu serikali kuingia kabla ya kulipa. Wengi hutia sahihi wakidhani wanatwaliwa, kumbe wananunuliwa kwa bei ambayo hawakuijadili.

Kuhusu sahihi ya mumeo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza ardhi ya familia, yaani ile mnayoishi na inayowalisha, kuuzwa au kukodishwa bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Ridhaa hiyo inatakiwa itolewe mapema na kwa maandishi, wala si kukaa kimya jikoni wakati wanaume wanazungumza sebuleni. Nenda ofisini pamoja naye. Ikiwa hukupewa fomu ya ridhaa, uliza ilipo, kwa adabu, na uulize mbele ya watu. Na akaunti itakayopokea fedha iwe na majina yenu wawili. Sisemi kwamba mumeo ni mtu mbaya. Nimeona fedha za fidia zikiisha kwa pikipiki moja na miezi minne ya sherehe katika nyumba za watu wema kabisa, kwa kuwa shamba hulisha kila siku lakini fedha huja mara moja.

Kuhusu maharage, jibu litakukera. Wakati wa kutwaa kwa lazima, mazao ya msimu yanayoweza kuvunwa ndani ya muda wa notisi hayalipwi, mnatarajiwa kuyavuna. Mazao ya kudumu kama kahawa na migomba hulipwa kwa bei zilizowekwa na bodi ya ardhi ya wilaya, bei ambazo zinapaswa kupitiwa kila mwaka. Ombeni orodha hiyo na mtazame ni ya mwaka gani, kwa sababu bei ya kahawa haikai mahali pamoja na orodha ya zamani huwapunja. Tazameni pia jinsi miti ilivyoainishwa. Mbuni unaozaa na mche uliopandwa jana havina thamani moja, na mkulima anayejua kwamba mbuni mpya utamngojesha miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri hawezi kukubali mibuni yake iandikwe "michanga" kwa haraka ya mwenye kalamu.

Juu ya thamani hiyo huongezwa posho ya usumbufu ya asilimia 15, nayo hupanda hadi asilimia 30 ikiwa mmepewa notisi ya chini ya miezi sita. Mtu akikuletea karatasi yenye jumla tu, bila mgawanyo wa ardhi, majengo, mazao na posho, usitie sahihi siku hiyo. Hesabu miti yako wewe mwenyewe, pamoja na jirani, kisha linganisha. Na nakala ya fomu ibaki nyumbani kwako.

*SWALI: Nakaa kando ya Nile. Zamani hapa maji yalikwenda kwa kishindo, sasa yametulia kama ziwa na magugu yameongezeka. Watoto wanaumwa tumbo na wengine wanapata choo chenye damu. Wazee wanasema ni maji. Ni kweli?*

JIBU: Ndugu, wapeleke watoto kituo cha afya wapimwe kichocho, na uwapeleke kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na inafanya kazi. Sitasema kwamba bwawa ndilo lililowaletea watoto wako ugonjwa, kwa kuwa kichocho kilikuwepo Nile na Ziwa Viktoria kabla ya bwawa lolote. Lakini wazee wako wana hoja. Kimelea cha kichocho hukulia ndani ya konokono, na konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo mahali palipokuwa na kishindo pakigeuka kidimbwi huwapa makao mapya.

Haki ituelekeze kusema upande wa pili pia. Maji ya kasi yalikuwa na ugonjwa wake. Inzi weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa unaopofusha, huzaliana katika maji yanayokwenda mbio, na maporomoko ya Jinja yalikuwa makao yao hadi walipopigwa dawa ya DDT katika miaka ya 1950, wakati bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilipojengwa na kufunguliwa mwaka 1954. Kwa hiyo mto ukitulizwa, ugonjwa mmoja huweza kupungua na mwingine ukaongezeka, na anayepanga mradi anatakiwa aangalie yote mawili kabla ya kumwaga zege.

Dawa peke yake haitoshi, kwa maana mtoto aliyepona akirudi majini huambukizwa tena. Mnachotakiwa kudai ni visima vya kuchota na kufulia, vyoo kwenye mialo ya wavuvi, kuondolewa kwa magugu mahali watu wanaposhukia, na upimaji wa shule za jirani kila mwaka kwa gharama za mradi. Na wavuvi waandike samaki wanaowapata, kwa aina. Samaki kama ningu, ambao hupanda mto kwenda kutaga, hukutana na ukuta, na hasara hiyo haionekani katika mwaka wa kwanza.

*SWALI: Mimi ni mzee wa ukoo. Katika maporomoko yanayotakiwa kwa mradi kuna mahali tunapofanyia matambiko, na makaburi ya babu zetu yako karibu. Vijana wanasema mizimu inaweza kuhamishwa. Inawezekana?*

JIBU: Shikamoo Mzee. Swali la kama inawezekana si la gazeti kulijibu. Wa kulijibu ni nyinyi wenyewe, na hilo hasa ndilo lililozua ugomvi mrefu Bujagali. Maporomoko yale, kaskazini ya Jinja, Wasoga waliyajua kuwa makao ya mzimu Budhagaali. Wajenzi waligharamia matambiko ya kumtuliza na kumhamisha, wengine wakashiriki, na mlinzi wa mahali pale, Nabamba Budhagali, akapinga. Bwawa la megawati 250 lilikamilika mwaka 2012 na maporomoko yakazama. Kama fidia ya hasara hiyo, serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala, chini zaidi mtoni, yatahifadhiwa. Kisha likaja bwawa la Isimba, megawati 183, lililozinduliwa mwaka 2019 chini ya Kalagala, na mjadala ukazuka upya juu ya umbali ambao maji yake yangerudi nyuma kuelekea mahali palipoahidiwa kuachwa.

Naeleza haya ili ujue kwamba hata ahadi iliyoandikwa baina ya wakubwa inahitaji walinzi. Kaeni kikao cha ukoo kabla wataalamu hawajaja, mpatane nani ana mamlaka ya kuzungumza juu ya mahali hapo, maana penye wasemaji wawili kampuni humchagua anayekubali. Pelekeni orodha ya makaburi na sehemu za matambiko, pamoja na mchoro, iingizwe katika taarifa ya tathmini. Mahali ambapo hapakuandikwa, mbele ya tingatinga, ni kichaka tu. Na ikiwa jibu la ukoo ni kwamba hapahamishiki, semeni hivyo bila kuona haya, mapema, wakati mhandisi bado anaweza kusogeza mstari kwenye karatasi.

*SWALI: Nguzo za umeme zinapita juu ya paa letu, na sisi tunawasha kibatari. Kwa nini?*

JIBU: Kwa sababu nyaya hizo zimebeba umeme wa msongo mkubwa kuelekea gridi ya taifa, na nyumba haiwezi kuunganishwa nazo bila transfoma na nyaya ndogo. Tena kampuni iliyojenga mtambo ina leseni ya kuzalisha, si ya kuuza majumbani; usambazaji, tangu mkataba wa kampuni binafsi iitwayo Umeme ulipomalizika Machi 2025, uko kwa sehemu kubwa mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL. Aliyewaahidi umeme mkutanoni aliahidi kisichokuwa chake, isipokuwa kama ahadi iliandikwa pamoja na gharama ya transfoma.

Lakini kuna fedha ambazo zimo katika sheria na ambazo vijiji vingi havizijui. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 inamtaka mwenye leseni ya kuzalisha umeme wa maji ailipe mrabaha serikali ya wilaya ambamo mtambo wake upo, kwa kiwango wanachokubaliana, na wakishindwa kupatana mamlaka ya udhibiti, ERA, huingilia. Fedha hizo huingia wilayani, na sheria haisemi kwamba zishuke hadi kata yenye mto. Kwa hiyo mtumeni diwani wenu aulize, katika kikao cha bajeti, ni kiasi gani kililipwa mwaka uliopita na kilitumika wapi, na ombi la transfoma ya kijiji chenu liwe mezani siku hiyohiyo, limeandikwa na kutiwa muhuri.